Gauni Linaloburuza Mbele

Fundi cherehani huliona kabla ya daktari. Gauni alilomshonea bibi mwaka juzi, pindo likiwa sawasawa pande zote, sasa linaburuza mbele na kupanda nyuma. Kilosa, kama kwingine, watu husema bibi ameinamishwa na miaka. Mara nyingi aliyemwinamisha ni pingili iliyovunjika kimyakimya.

Kila pingili ya uti wa mgongo ina bonge la mfupa upande wa mbele, lenye vitundu ndani mfano wa sifongo. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hupungua na mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa. Kuta za vile vitundu hukonda. Siku moja bibi anainama kujitwika ndoo. Mbele pingili inabonyea, nyuma inabaki na kimo chake, inakuwa kabari. Yeye anachuliwa mafuta, anameza kidonge cha maumivu, kesho yuko shambani. Kabari tatu zikipandana, hicho ni kibiongo: mbavu zinakaribia nyonga, tumbo linasukumwa nje, anashiba kwa matonge machache na pumzi inakuwa fupi.

Vijana nao wana njia yao ya kufika huko. Barabara kuu ya kwenda Zambia hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, twiga na nyati wakivuka watakavyo. Kwenye ajali, au kwa aliyeanguka mwembeni, mgongo huvunjika zaidi pale kifua kinapokutana na kiuno. Tatizo linalofuata ni sisi waokoaji: tunamshika makwapani na miguuni, tunamkunja, tunamtupia kwenye gari. Abiringishwe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao. Pingili iliyolegea hukazwa kwa skrubu na vyuma, upasuaji unaofanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Kinundu chenye ncha mgongoni mwa mtoto ni habari nyingine. Hapo shuku kifua kikuu cha mifupa, ambacho hula pingili jirani hadi zikaporomoka. Dawa zake Tanzania ni bure, ila hunywewa kwa miezi mingi.

Kwa bibi, mapumziko yawe ya siku chache tu. Kitanda nacho hudhoofisha mfupa. Kisha mazoezi ya kunyoosha mgongo, dagaa, jua, na dawa za kuimarisha mfupa. Kudunga saruji ndani ya pingili kulianza Ufaransa mwaka 1984 na kukasifiwa mno, mpaka majaribio mawili ya mwaka 2009 yalipoonyesha kwamba waliofanyiwa kiinimacho cha tiba hiyo walipata nafuu ileile.

Kabari hairudi kuwa tofali, kwa hiyo ni ile ya kwanza inayofaa kukamatwa. Ukuta wa nyumba unatosha kuanzia: visigino na makalio viguse, macho yatazame mbele. Kisogo kisipofika ukutani, bibi apelekwe akapigwe eksirei ya ubavuni.