Madoa Meupe ya Samaki wa Baharini: Ugonjwa Utibiwao kwa Kuhesabu Siku

Samaki wa baharini wafugwao katika matangi ya kioo hupatwa na maradhi mengi, lakini ugonjwa uwasumbuao wafugaji kuliko karibu yote ni ule wa madoa meupe. Dalili zake huanza kidogo kidogo. Samaki hujisugua juu ya mawe kana kwamba anawashwa, hupumua kwa haraka, hukataa chakula, na rangi yake hufifia. Hatimaye ngozi na mapezi huonekana kama yaliyonyunyiziwa chembe za chumvi. Mfugaji hutia dawa, na baada ya siku chache madoa hutoweka. Hapo huona kazi imekwisha, akaacha kutibu. Wiki moja au mbili baadaye madoa hurudi yakiwa mengi zaidi, na samaki wote wa tangi huweza kufa kwa muda wa siku chache.

Mambo haya yamewafanya wafugaji wengi waamini kwamba waliuziwa dawa mbovu. Lakini mara nyingi dawa hiyo ni nzuri, ila ilitiwa wakati ambapo kimelea hakikuwa mahali pa kudhurika. Ili kuutibu ugonjwa huu hapana budi kwanza kuyajua maisha ya kimelea chenyewe.

Kimelea na hatua zake nne

Kimelea hiki huitwa kitaalamu Cryptocaryon irritans. Ni kiumbe cha seli moja tu, kilichozungukwa na vinyweleo vifupi vikiwezeshavyo kuogelea. Mtaalamu wa Kijapani aitwaye Sikama aliueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1930, na mnamo mwaka 1951, mjini London, E. M. Brown alikipa kimelea jina linalotumika hadi leo. Kwa kuwa madoa yake yanafanana sana na yale ya samaki wa maji baridi, kwa muda mrefu vimelea hivi viwili vilidhaniwa kuwa ndugu wa karibu. Uchunguzi wa chembe za urithi, uliofanywa tangu miaka ya 1990, umeonyesha kwamba undugu wao ni wa mbali. Kwa hiyo si kila tiba ya samaki wa mtoni itamfaa samaki wa baharini.

Maisha ya kimelea yamegawanyika katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza hukaa ndani ya tabaka la juu la ngozi na la matamvua ya samaki, kikila seli na majimaji ya mwili. Hukaa humo siku 3 hadi 7, hata kufikia ukubwa wa karibu nusu milimita. Hilo ndilo doa tulionalo. Katika hatua ya pili humwacha samaki, hutambaa chini ya tangi kwa saa kadhaa, kisha hujibandika juu ya jiwe, mchanga au kioo. Katika hatua ya tatu hujijengea kifuko chenye ukuta mgumu, na ndani yake hujigawa tena na tena hata kuzaa vimelea vichanga vipatavyo 200. Katika hatua ya nne vichanga hivyo hupasua kifuko na kuogelea kutafuta samaki. Visipompata katika muda wa siku moja au mbili, hufa.

Dawa zilizo nyingi huua katika hatua hii ya nne tu. Kimelea kilicho ndani ya ngozi kimefunikwa na mwili wa samaki, na kile kilicho katika kifuko kimelindwa na ukuta wake. Basi madoa yanapotoweka, huenda dawa haijafanya kazi yoyote: vimelea vimeshiba, vikaondoka kwenda kuzaa. Vifuko vingine hupasuka baada ya siku 3, vingi katika majuma machache ya kwanza, na kuna vilivyopata kuonekana vikipasuka baada ya siku 72.

Wataalamu wamegundua pia kwamba vichanga hutoka gizani, hasa kati ya saa nane usiku na saa tatu asubuhi. Wakati huo samaki wengi wametulia usingizini karibu na mawe, mahali penye vifuko.

Kwa nini tangi huua

Katika mwamba wa matumbawe kimelea hiki kipo siku zote, lakini ni nadra kuwaua samaki. Maji ya bahari ni mengi na mikondo huvitawanya vichanga, hivyo vingi hufa bila kumpata samaki. Katika tangi hakuna pa kukimbilia. Tuchukue mfano kwamba samaki ana madoa 5, na kila doa huzaa vichanga 200. Ikiwa 10 tu katika kila 200 vitafanikiwa kumpata samaki, baada ya mzunguko mmoja kutakuwa na madoa 50, na baada ya mzunguko wa pili, 500. Matamvua yaliyojaa vimelea hayawezi kuvuta hewa ya kutosha, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Wengine hufa hivyo kabla doa hata moja halijaonekana ngozini.

Njia tatu za tiba

Njia ya zamani ni ya madini ya shaba, yapatikanayo katika mrututu. Kipimo kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba katika kila lita ya maji, na hupandishwa polepole kwa muda wa siku mbili tatu. Kikipungua, kimelea huishi. Kikizidi, samaki hufa. Kwa kuwa shaba ni kama robo tu ya uzito wa mrututu, tangi la lita 100 huhitaji miligramu 80 hivi za mrututu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Kiasi hicho hakikadiriwi kwa ncha ya kijiko. Maji yapimwe kila siku, na tiba iendelee kwa majuma yasiyopungua matatu, hata kama madoa hayaonekani. Tena shaba huua kamba, konokono na matumbawe, na hunyonywa na mawe ya chokaa na mchanga wa matumbawe. Ndiyo maana samaki hutibiwa katika tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita, hali majimaji ya mwili wa samaki mwenye mifupa yana chumvi ipatayo theluthi tu ya hiyo. Kwa hiyo samaki wengi huvumilia maji ya gramu 15 au 16 kwa lita, ambapo kimelea huvimba na kufa. Chumvi ipunguzwe kwa siku mbili au zaidi, na hali hiyo idumishwe kwa majuma matatu au zaidi. Hata hivyo, zimegunduliwa aina chache za kimelea zinazostahimili maji ya chumvi haba.

Njia ya tatu haihitaji dawa kabisa. Angelo Colorni, aliyefanya utafiti huko Eilat kando ya Bahari ya Shamu, alieleza mwaka 1987 kwamba samaki akihamishwa kila baada ya siku 3, mara nne mfululizo, kwenda katika tangi safi lililokaushwa, hupona. Vimelea vinavyomwacha hubaki chini ya tangi la zamani, na kabla vifuko havijapasuka samaki amekwisha ondoka. Tangi hilo humwagwa maji na kukaushwa, na vifuko hufa. Kazi ni nyingi, lakini gharama ni ndogo.

Wako wauzao samaki msafishaji, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, wakidai kwamba atayala madoa yote. Kimelea kimefunikwa na ngozi, kwa hiyo msafishaji hawezi kuumaliza ugonjwa. Yeye mwenyewe huweza kuambukizwa.

Kinga

Tangi lililoambukizwa likae bila samaki hata mmoja. Majuma sita hutosha mara nyingi, lakini kwa kuwa kuna vifuko vilivyodumu siku 72, majuma kumi na moja ni salama zaidi. Kila samaki mpya atengwe kwa mwezi mmoja au zaidi katika tangi lake, lenye wavu wake na ndoo yake, kwani samaki aonekanaye mzima huweza kuficha vimelea vichache katika matamvua.

Maarifa haya yanahusu pwani yetu pia. Katika pwani ya Kenya wako wavuvi wanaozamia na kuwakamata samaki wa mapambo wakiwa hai, ambao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia. Miongoni mwao ni kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni, ambaye hushikwa upesi mno na ugonjwa huu. Samaki waliotoka miamba mbalimbali huwekwa pamoja, wakiwa wamechoshwa na safari, na mmoja mwenye kimelea hutosha kuwaambukiza wote. Kila anayekufa ni hasara kwa mvuvi na kwa mnunuzi, na mahali pake hujazwa na samaki mwingine atolewaye katika mwamba uleule.

Kwa hiyo kila mwenye kuweka samaki hai, awe na tangi moja sebuleni au matangi hamsini ya biashara, na aweke daftari kando ya tangi. Aandike siku doa la kwanza lilipoonekana, siku tiba ilipoanza na vipimo vya kila siku, na asiache tiba kabla ya siku zake kutimia.