Umanjano wa Mtoto Mchanga na Mtindio wa Ubongo

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hakurogwa, wala mama yake hakula kilichokatazwa. Ubongo wake uliumia ungali unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baadaye akiwa bado mdogo. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli haipati tena maelekezo sahihi.

Tangu daktari Mwingereza William John Little alipoandika kuhusu watoto hawa katika karne ya 19, lawama kubwa imebebwa na uchungu mgumu na mtoto kuzaliwa amechoka, halii wala hapumui. Ni kweli, ubongo ukikosa oksijeni huumia. Lakini zipo hatari nyingine: kuzaliwa njiti, hasa kabla ya wiki ya 32, kuwa pacha, au mama kupata rubela mimba ikiwa changa. Nyingine humkuta mtoto akiwa tayari nyumbani. Huko Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti walikuta watoto karibu 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Kwa takriban robo yao, chanzo kilidhaniwa kutokea baada ya mwezi wa kwanza, malaria ya kupanda kichwani ikiwemo.

Hatari inayoniuma zaidi ni umanjano, kwa sababu tunauona na kuudharau. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, na ini la kichanga huchelewa kuiondoa. Ikizidi sana huingia ubongoni na kuharibu sehemu zinazoongoza mwendo; mtoto hubaki akijipinda bila kutaka, na mara nyingi hasikii vizuri. Hatari huongezeka kwa njiti, damu ya mama na ya mtoto zisipopatana, na kwa mwenye upungufu wa G6PD, tatizo la kurithi lililoenea kwenye maeneo ya malaria. Huyo hata nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini zinaweza kumdhuru.

Ushauri wa kumwotesha mtoto jua la asubuhi hupoteza siku ambazo hana. Tiba ni taa maalumu za hospitali, na hali ikiwa mbaya, kubadilishwa damu. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hujificha, kwa hiyo tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.