Kwa nini damu ya wagonjwa wa figo huchelewa kukatika

Mgonjwa anapomaliza kusafishwa damu kwa mashine, sindano huchomolewa na mahali palipochomwa hubanwa hadi damu ikatike. Kwa baadhi ya wagonjwa damu hiyo huchelewa kukatika. Wengine hutokwa na damu puani au kwenye ufizi bila ya kuumia.

Ajabu ni kwamba chembe sahani, ambazo hushikana na kuziba jeraha, mara nyingi hazijapungua sana kwa idadi. Kasoro imo katika utendaji wake.

Miongoni mwa vinavyoshukiwa ni homoni ya parathiroidi. Homoni hiyo hutolewa na tezi ndogo, kwa kawaida nne, zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, nayo hulinda kiwango cha kalisi katika damu. Figo zinaposhindwa kufanya kazi, fosfati hurundikana, vitamini D hukosa kukamilishwa, na kalisi hupungua. Ndipo tezi hizo hutoa homoni kupita kiasi.

Mwaka 1981, mtafiti wa Italia Giuseppe Remuzzi na wenzake walieleza katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba homoni hiyo huzuia utendaji wa chembe sahani za binadamu.

Hata hivyo, matokeo ya maabara hayakuthibitika kikamilifu kwa wagonjwa wenyewe. Uchunguzi wa baadaye haukuona uwiano wa wazi kati ya wingi wa homoni na muda wa kutokwa na damu.

Kwa hiyo homoni hiyo huhesabiwa kuwa huenda inachangia, wala si chanzo pekee. Zipo pia taka zinazobaki mwilini, na upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa za kutosha huzisukuma chembe sahani karibu na ukuta wa mshipa. Zikiwa chache, chembe sahani hukaa mbali na jeraha. Ndiyo maana dawa ya erithropoietini, inayoongeza chembe nyekundu, husaidia pia kupunguza tatizo hili.

Kuidhibiti homoni kwa lishe, dawa au upasuaji kuna faida kubwa kwa mifupa, lakini hakumhakikishii mgonjwa kwamba hatatokwa na damu. Anayetarajia kung'olewa jino au kupasuliwa yampasa kumweleza daktari mapema kuwa husafishwa damu, na asimeze aspirini bila ya ushauri wake.