Stelingi hafi, ila tamthilia yake huchuja

Na Mwandishi Wetu, Birmingham

WALIOKULIA kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura wanaijua kanuni moja isiyohitaji kuandikwa: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini kabla mkanda haujaisha atarudi. Kanuni hiyo haikutusumbua kwa sababu mkanda wenyewe ulikuwa wa saa mbili. Tulitoka kibandani tumeridhika, hadithi imekwisha na stelingi amekwenda zake.

Taabu imeanza pale stelingi huyo alipopewa nguvu za ajabu, akahamishiwa kwenye tamthilia za misimu na kuambiwa asiondoke. Karibu kila tamthilia ya aina hii huanza kwa kishindo na kuchuja kadiri misimu inavyoongezeka. Mfano tunaoujua kuliko yote ni ile ya Heroes, kwa kuwa tuliifuata tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho.

BBC Two ilianza kuionyesha Heroes Julai 2007, miezi 10 baada ya kituo cha NBC kuizindua Marekani. Wakati huo tulikuwa tukiishi watu sita katika nyumba moja eneo la Small Heath, hapa Birmingham, wote waomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Anayeishi ughaibuni anajua maisha hayo yalivyo. Mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo siku ni ndefu, na kila anayesikia barua zikidondoka mlangoni asubuhi hukimbilia kuangalia kama kuna ya kwake. Televisheni ilikuwa moja. Mwenzetu mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa na Kiingereza kizuri kutuzidi, alitutafsiria kwa Kiswahili huku mkanda unakwenda, mfano wa marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, na mara nyingine aliongeza maneno yake. Siku ya Heroes hakuna aliyekosa.

Na tulikuwa na sababu. Msimu ule wa kwanza, wenye sehemu 23, ulikuwa na swali moja tu: nani atauzuia mji wa New York usilipuke? Mchoraji Isaac Mendez alikuwa ameshauchora mlipuko huo kabla haujatokea. Hiro, karani wa Tokyo, aliweza kusimamisha saa. Claire, msichana wa shule, akiumia hupona palepale. Peter Petrelli alipokea uwezo wa kila aliyekaribiana naye, na Sylar, fundi saa, aliua watu ili achukue vipaji vyao. Watu hawa hawakujuana. Kila wiki wawili watatu walikutana, na sisi tulijua jambo ambalo wao walikuwa hawajalijua. Mwishoni ikabainika kuwa bomu lenyewe ni Peter, na kaka yake Nathan, aliyekuwa na uwezo wa kuruka, akambeba hadi angani ili alipukie huko. Mwenzetu mmoja alilia, akasema ni mafua.

Msimu wa pili ulipoanza, Peter alikuwa hai, amefungwa ndani ya kontena nchini Ireland, hana kumbukumbu. Nathan naye alikuwa hai, amefuga ndevu. Sylar, aliyechomwa upanga mbele ya macho yetu, yu hai pia. Kisha ikaja dawa iliyomaliza kila kitu: damu ya Claire ikawa inafufua maiti. Baba yake alipigwa risasi ya jicho, akatiwa damu hiyo, akaamka. Tangu siku ile, mtu akiuawa mle ndani sisi hatukushtuka tena. Tuliendelea kunywa chai.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Mara nyingi watu husema waandishi waliishiwa. Sisi tunaona waandishi walitumia mtaji wote msimu wa kwanza, na mtaji wa hadithi ya shujaa ni kile anachoweza kupoteza. Ukishamfanya Peter awe na uwezo wa watu wote, hakuna adui wa kumtisha. Kwa hiyo msimu wa pili unamnyang'anya kumbukumbu, na wa tatu unamnyang'anya nguvu zenyewe. Hiro, ambaye angeweza kurudi jana na kurekebisha kila kosa, alitupwa Japani ya kale, kisha naye akafutwa kumbukumbu. Waandishi walikuwa wakihangaika kuwavunja miguu watu waliowapa mbawa wao wenyewe.

Wapo wanaoutetea msimu huo wa pili kwa kutaja mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 5, 2007 na kudumu siku 100. Ni kweli msimu ulikatwa ukabaki na sehemu 11, na tamthilia ikakaa kimya hadi Septemba 2008. Lakini mwanzilishi wake, Tim Kring, alikiri kwa jarida la Entertainment Weekly mwezi uleule wa Novemba kuwa hadithi ilikuwa imekwenda polepole mno. Sehemu alizokuwa akizizungumzia zilikuwa zimeandikwa kabla ya mgomo. Isitoshe, wazo lake la awali lilikuwa kubadilisha wahusika kila msimu. Watazamaji waliwapenda wale wa kwanza, kituo kikataka wabaki, wakabaki. Sisi tuliotoka nchi zetu kwa sababu ya wakubwa wasiojua muda wao umekwisha, jambo hilo halihitaji kuelezwa sana.

Msimu wa tatu una jambo linalotugusa watu wa Afrika Mashariki. Ndani yake anaingia Usutu, mzee wa jangwani Afrika anayechora mambo yajayo, ameigizwa na Ntare Guma Mbaho Mwine, Mmarekani mwenye wazazi kutoka Uganda. Nyumba nzima ilishangilia kumwona. Furaha haikudumu. Isaac alikuwa ameshauawa msimu wa kwanza, tamthilia ikabaki bila mchoraji wa kutabiri, basi ikaenda Afrika kumtafuta mwingine wa kufanya kazi ileile. Usutu akamwongoza polisi wa Kimarekani aliyepotea jangwani, akamsaidia Hiro, kisha akakatwa kichwa. Na kwa Usutu, ile damu ya kufufua haikukumbukwa. Mwine ni mwigizaji hodari, aliyemwona kwenye The Chi atakubaliana nasi, lakini alipewa kiraka akishone.

Heroes ilizinduliwa Marekani ikiwa na watazamaji zaidi ya milioni 14. Ilipofungwa mwaka 2010, baada ya misimu minne, walikuwa chini ya milioni 5. Nyumbani kwetu Small Heath nako watazamaji walipungua, ingawa kwa sababu nyingine. Mmoja alipata karatasi zake akahamia Leicester. Mwingine alichukuliwa alfajiri, akarudishwa kwao. Sehemu za mwisho tulizitazama wawili, na yule wa Bukavu alikuwa ameacha kutafsiri.

Pwani yetu inaye shujaa wa aina hii tangu zamani, naye ni Fumo Liongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Liongo hapenyi mshale wala mkuki. Lakini waliomsimulia walimwekea kitu kimoja tangu mwanzo: sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, atakufa. Mwanawe, wengine husema mpwawe, akairubuni siri hiyo na kumchoma usingizini. Liongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye uta, akafa hivyohivyo, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hakuna damu ya kumfufua. Karne zimepita na bado anasimuliwa.

Msimuliaji wa Lamu, hata hivyo, hakuwa na matangazo ya biashara ya kujaza. Vituo vikubwa vya Marekani vilizoea kuagiza sehemu 22 au zaidi kwa mwaka, na tamthilia yenye sehemu nyingi huuzika vizuri kwa vituo vingine kuirudia. The Flash ilitoa sehemu 184 katika misimu tisa, kuanzia 2014 hadi 2023. Msimu wa kwanza adui yake mkuu alikuwa mtu anayekimbia kasi kama yeye. Wa pili, mtu anayekimbia kasi kama yeye. Wa tatu, hivyohivyo tena. Linganisha na Peaky Blinders, tamthilia ya wahuni wa hapahapa Birmingham: kuanzia 2013 hadi 2022, karibu muda uleule, ilitoa sehemu 36 tu, sita kwa kila msimu. Hata hivyo Tommy Shelby naye alishaanza kunusurika kupita kiasi, na filamu ya kuendeleza kisa chake ikapewa jina The Immortal Man, yaani mtu asiyekufa. Stelingi ni stelingi.

Uchache wa sehemu peke yake hautoshi. Misfits ya E4, kuhusu vijana watano wakosaji waliopata nguvu kwenye dhoruba, ilianza 2009 na sehemu sita na kushinda tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora mwaka 2010. Robert Sheehan aliondoka baada ya msimu wa pili, wengine wakafuata, na ulipofika msimu wa tano mwaka 2013 hakubaki hata mmoja wa wale watano. Jina lilikuwa lilelile, dhoruba ileile, watu wageni.

Aliyeonyesha njia nyingine ni Damon Lindelof. Mwaka 2019 alitengeneza Watchmen kwa HBO, sehemu tisa zinazoanza na mauaji ya watu weusi wa Tulsa ya 1921. Mwaka uliofuata ilichukua tuzo 11 za Emmy. Akaulizwa kuhusu msimu wa pili, akasema hadithi aliyokuwa nayo ameshaisimulia.

Kwa familia zetu za huku, iliyo karibu zaidi ni Supacell ya Rapman, iliyotoka Netflix Juni 2024 ikiwa na sehemu sita. Ni watu weusi watano wa kusini mwa London wanaopata nguvu, na chanzo chake ni ugonjwa wa selimundu ulio katika familia zao. Hapa Birmingham zipo familia za Kikongo na za Kitanzania zinazoujua ugonjwa huo kwa jina la mtoto, na tulizungumza na mama mmoja aliyetuambia binti yake aliirudia sehemu ya mwisho mara tatu. Michael, anayeendesha gari la kusambaza vifurushi, anaweza kurudi nyuma ya wakati, na amepewa miezi michache kumwokoa mchumba wake. Saa na wakati tena, kama Hiro. Msimu wa pili ulitangazwa miezi miwili tu baada ya wa kwanza, na kwa kweli habari hiyo tuliipokea kwa furaha na hofu pamoja.

Kijana wetu mwenyewe yuko msimu wa sita wa The Flash. Tumemwambia aache, hakuna jipya huko. Amejibu kuwa amebakiza misimu mitatu tu.