AMANA ILIYO NDANI YA DISKI

Ndugu zetu Waislamu, zamani mtu aliyekuwa na hati ya shamba, cheti cha ndoa au kitabu cha mwalimu wake, alikifungia sandukuni, na mara kwa mara akilifungua kutazama, mchwa wasije wakala. Leo vitu hivyo tumevitia katika diski, na wengi wetu hudhani kuwa diski haina mchwa wake. Inao.

Nyumbani kwetu mna kisanduku kidogo kilichoungwa na mtandao wa nyumba, ambamo jamaa wote huweka vitu vyao kutoka katika simu na kompyuta. Ndani yake mna diski 2, na kila kiandikwacho katika ya kwanza huandikwa vile vile katika ya pili. Humo zimo picha za wazee wetu waliotangulia mbele ya haki, nakala za hati, na sauti za darsa za Ramadhani za marehemu mwalimu wetu.

Siku moja taa ya diski moja iliacha ukijani ikawa nyekundu, na ndani pakasikika mgongo-gongo mfano wa mtu abishaye hodi. Diski za namna hii ni sahani zizungukazo kwa kasi maelfu ya mara kwa dakika, na kila kizungukacho huchakaa. Twakiri kosa letu: tulisema, "Ya pili ingali nzima," tukaacha siku 10 zikapita. Kumbe diski zilizonunuliwa siku moja na kufanya kazi moja, huenda zikazeeka pamoja.

Basi haya ndiyo yapasayo kufanywa.

Kwanza, kabla ya kugusa lolote, vinakili vyote vilivyomo katika diski nyingine ya nje.

Pili, soma namba ya diski mbovu katika maelezo ya kisanduku, uilinganishe na ile iliyochapwa juu ya diski yenyewe. Mwanetu alikwisha kuishika ile nzima ili aing'oe, kwa kudhani kuwa hesabu yaanzia mkono wa kulia!

Tatu, diski mpya iwe na nafasi sawa na ile ya zamani au zaidi. Ikipungua, kisanduku huikataa.

Nne, ukishaitia, amuru ijazwe, kisha uwe na subira. Yetu ilichukua usiku kucha na nusu ya siku. Katika saa hizo diski iliyobaki husomwa yote tangu mwanzo hata mwisho, na hapo ndipo iliyochoka huweza kufa. Ndiyo sababu tumetanguliza kunakili.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo. Miaka 2 kabla ya tukio hili, mtoto alifuta darsa ya mwisho ya mwalimu wetu pasipo kukusudia. Tulikimbilia diski ya pili, tukaikuta nayo imekwisha kufuta, kwa utiifu ule ule. Darsa ile hatunayo tena, wala mwenye sauti ile hatarudi kutusomesha. Diski 2 katika kisanduku kimoja hutuokoa na kufa kwa diski moja. Hazituokoi na mkono wa mtoto, wala mwizi, wala moto.

Sayyidna Uthman, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipoamrisha misahafu inakiliwe, hakuiacha yote Madina, bali aliipeleka katika miji, kama Kufa, Basra na Sham. Katika hilo mna mafunzo kwa kila mwenye kuhifadhi. Nasi sasa tumeweka nakala nyingine nyumbani kwa dada yetu, na kila mwezi twaifanya upya.

Tena, diski mbovu isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma kabla ya kuvunjwa. Iliyokataa kusomeka kwako yaweza kusomeka kwa fundi, na humo mna picha za wake na mabinti zetu, ambao sitara yao ni wajibu wetu. Yetu tuliivunja sahani zake kwa nyundo.

Enyi wazazi, usiku wa leo itazameni taa ya kisanduku chenu, kisha mjiulize: kikiungua, nakala iko wapi? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao. Amin.