Mzuka Uliogeuza Shingo

Msichana wa shule anarudi nyumbani usiku, peke yake, kati ya maghorofa ya Bongcheon-dong, mtaa mmoja wa jiji la Seoul. Mbele yake anatembea mwanamke ambaye viungo vyake havikai sawa. Msomaji anateremsha ukurasa taratibu, picha moja baada ya nyingine, na zote zimetulia. Mara ukurasa unakimbia wenyewe, mifupa inasikika ikialika, na yule mwanamke anageuza shingo na kumkodolea macho msomaji.

Katuni hiyo ilitoka mwaka 2011 katika Naver, tovuti kubwa ya Korea Kusini. Mchoraji wake anajulikana kwa jina la Horang. Sehemu kubwa ya hadithi aliichora kama katuni yoyote, lakini mahali pawili alitega picha za pande tatu zenye kina, mwendo na sauti. Muda si muda ikavuka mipaka ya Korea. Mashabiki waliitafsiri kwa Kiingereza na lugha nyingine, wakarekodiana wakiisoma, na video zao zikaenea: huyu anaruka kitini, yule anajifunika uso, mwingine anapiga ukelele kisha anacheka mpaka machozi. Wako waliowatumia rafiki zao katuni hiyo bila kuwaambia kilichomo. Wako pia waliolalamika kwamba kumshtua mtu si sawa na kumtisha, kwa kuwa mshtuko huisha baada ya sekunde chache, ilhali hofu ya kweli humfuata mtu hadi kitandani.

Malalamiko hayo yana uzito, ila yanaacha jambo moja. Katika sinema, filamu ndiyo inayoamua lini mzuka utokee. Katika katuni, msomaji ndiye mwenye kuamua. Akitaka atakawia kwenye picha, akiogopa atafunga gazeti. Horang alimnyang'anya msomaji mamlaka hayo ghafla, tena wakati alipokuwa ameyazoea. Kina cha picha kilisaidia, lakini kilichowarusha watu vitini ni kuona ukurasa ukienda bila wao kuugusa.

Ndoto ya kuipa katuni kina ni ya zamani. Mwaka 1953, Joe Kubert na Norman Maurer wa Marekani walitoa katuni ya Mighty Mouse iliyochapwa kwa rangi mbili zilizopishana kidogo. Msomaji alivaa miwani ya karatasi yenye kioo chekundu upande mmoja na cha buluu au kijani upande wa pili. Kila jicho liliona mchoro wake, na ubongo ukaiunganisha michoro hiyo miwili kuwa picha moja yenye kina. Iliuzwa senti 25 wakati katuni ya kawaida ilikuwa senti 10, na bado nakala zaidi ya milioni moja zilinunuliwa. Mwaka uliofuata kampuni ya EC ikaleta toleo la kutisha la aina hiyo hiyo. Lakini wachapishaji walikuwa wameshajaza soko kwa kazi za haraka haraka, na wasomaji wakachoka.

Mwaka huo huo wa 1954 hofu ilitoka nje ya kurasa. Katika mtaa wa Gorbals, Glasgow, mamia ya watoto walivamia makaburi wakiwa na fimbo na visu, wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma. Wakubwa walizilaumu katuni za Marekani. Mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria dhidi ya machapisho yenye madhara kwa watoto, na Marekani nako kanuni mpya za wachapishaji tayari zilikuwa zimekataza neno "horror" lisionekane katika jina la katuni.

Afrika Mashariki hofu haikuhitaji miwani wala katuni. Mwaka 1995, habari za mzuka aitwaye popobawa zilipoenea Pemba na kufika Unguja, watu walikesha nje ya nyumba zao, wamekaa pamoja kwa ajili ya usalama. Wachoraji wa Dar es Salaam waliutambua utayari huo wa hadhira wa kuogopa. Magazeti ya katuni yaliyofuata nyayo za gazeti la Sani yalichora majini, wachawi na misukule, nayo yalikuwa na mbinu yao ya kumnyima msomaji mamlaka: hadithi inakatwa mzuka ukiwa mlangoni, chini yake imeandikwa "itaendelea". Msomaji angesubiri toleo lijalo, na katika kusubiri akatunga mwenyewe mabaya kuliko yale ambayo mchoraji angeyachora.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza filamu ya video iitwayo Nsyuka, jina la mzuka wa Wanyakyusa wa Mbeya. Mzuka wa Nyanda za Juu Kusini ukaingia hivyo katika vibanda umiza vya kuonyeshea video mijini, mbele ya watazamaji ambao wengi hawakuwahi kufika Rungwe, kwa Wanyakyusa.

Leo kijana wa Madibira, wilayani Mbarali, anaweza kuifungua katuni ya Horang usiku akingoja zamu ya maji ya mto Ndembera yaingie katika majaruba yake ya mpunga. Kioo kiko karibu na uso, sauti iko sikioni, na gizani hakuna wa kucheka naye. Gharama yake ni bando tu, ingawa picha zinazotembea hulimaliza haraka kuliko zilizotulia.

Horang aliendelea na hadithi ya mzuka wa kituo cha treni cha Oksu, ambayo ilizaa filamu iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Korea Kusini mwaka 2023. Nyenzo za kuanzia kazi kama hiyo si ghali tena, kwani programu ya Blender, inayotumika kujenga picha za pande tatu, hupatikana bure. Visa navyo vimejaa kuanzia Rungwe hadi Mufindi. Wachoraji wa Mbeya na Iringa wanastahili mchapishaji atakayewalipa kwa majuma yote ambayo kazi ya shingo moja inayogeuka huweza kuchukua.