Usaili wa Watunga Programu
Sehemu ya Pili: Mbele ya Ubao

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi maombi ya kazi yanavyochujwa. Leo tutaingia katika chumba chenyewe cha usaili, ambamo mtahiniwa hukabidhiwa kalamu, akaonyeshwa ubao mweupe, akaambiwa atunge programu ilhali mtahini amemkazia macho.

Zamani, hususan miaka ya 1990, kampuni ya Microsoft ilisifika kwa kuuliza mafumbo, kama vile kwa nini vifuniko vya mashimo ya barabarani vimefanywa mviringo. Google nayo ikashika njia hiyo hiyo, hata ilipofika mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya watumishi katika kampuni hiyo, akakiri hadharani kwamba mafumbo hayo hayabashiri lolote juu ya kazi ya mtu, ila humfurahisha muulizaji kwa kumfanya ajione mwerevu.

Maswali ya siku hizi yanakaribia zaidi taaluma yenyewe. Tuseme mtahiniwa ameulizwa namna ya kulitafuta jina moja katika orodha ya majina 1,000,000. Mwenye pupa atayapitia moja baada ya jingine. Mwenye kutaamali atauliza kwanza kama majina yamepangwa kwa alfabeti, na akijibiwa kuwa ndivyo, atatazama lile la katikati, ajue alitafutalo liko upande gani, autupilie mbali upande wa pili wote, kisha aigawe tena nusu iliyobaki, na kwa njia hiyo hatazidi hatua 20. Walakini jibu hilo peke yake halitoshi, maana laweza kuwa limehifadhiwa kwa moyo. Mtahini hutaka kusikia fikira zilivyofuatana: je, alikumbuka kwamba orodha yaweza kuwa tupu, au jina lisiwemo kabisa? Alipoonyeshwa kosa, alilisahihisha kwa utulivu au alihamaki? Tena Google huamua kwa kamati isomayo taarifa za watahini, mfano wa kadhi anayehukumu kwa ushahidi ulioandikwa. Basi anyamazaye, ajapokuwa bingwa, hakuacha ushahidi wowote wa kumtetea.

Hata hivyo mizani hii ina ila yake. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina State pamoja na wa Microsoft waliwajaribu wanafunzi 48, wengine wakifanya swali faraghani, wengine wakitazamwa na kutakiwa waseme wanayofikiri; ikadhihirika kwamba kule kutazamwa tu kulipunguza ufanisi kwa zaidi ya nusu. Na mwaka 2015 Max Howell, mtunzi wa Homebrew, programu iliyokuwa ikitumiwa na wahandisi wengi, alilalamika hadharani kuwa Google imemkataa kwa sababu hakuweza kupindua ubaoni muundo wa data uitwao mti wa jozi.

Madhali kunena huku ukitazamwa ni ustadi wa peke yake, mwombaji na aufanyie mazoezi kabla ya siku yenyewe, mbele ya rafiki atakayemkatiza na kumhoji. Na akikataliwa, asidhani kwamba ujuzi wake umehukumiwa wote. Wiki ijayo, inshallah, tutaeleza kazi za majaribio zifanywazo nyumbani, na mapatano ya mshahara.